Bei ya Kidevu cha Ye-rin

Aliyepanda ghorofa ya kumi na moja ya jengo lile karibu na kituo cha treni cha Sinsa, Seoul, kwenye kliniki ya kurekebisha sura, alionana na Daktari Guk dakika saba, na Meneja Pyo saa nzima. Daktari alichora mistari miwili juu ya picha ya fuvu, akatabasamu, akaondoka. Bei ilikuwa kazi ya Meneja Pyo.

Jina lake la kuzaliwa ni Sun-yeong, mwanamke wa miaka arobaini na minne, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka tisa. Kabla ya hapo aliuza vipodozi kwenye duka kubwa la Myeong-dong, akisimama tangu asubuhi hadi jioni mpaka miguu ikavimba. Kliniki ilimpa kiti, koti jeupe asilostahili, na kamisheni. Mwaka wake wa pili pale, Daktari Guk alimkata kidevu bure. Mwenye kuuza samaki, alisema, sharti anuke samaki. Kidevu kikatoka chembamba, kizuri kweli, na tangu hapo kila mteja aliposita, Sun-yeong alimgeuzia ubavu wa uso, akasema, "Mimi mwenyewe nilifanyiwa hapahapa, dada."

Alichokuwa hasemi ni kwamba mdomo wake wa chini, upande wa kushoto, ulikufa siku ileile. Daktari alimwambia ganzi itaondoka baada ya miezi sita. Ilikuwa imepita miaka saba. Alijifunza kunywa kwa mrija, kuweka kioo kidogo kwenye droo, na kujipangusa kila baada ya muda kama mtu mwenye madaha. Watu walidhani ni umaridadi.

Mwezi wa kumi na moja, juma la pili baada ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, msimu ambao kliniki zote za mtaa ule hujaa wasichana na mama zao, aliingia mzee mmoja na binti yake. Mzee aliitwa Tak Gil-ho, kinyozi wa Gunsan, mji wa bandari. Alikuwa amevaa koti la kahawia lililopigwa pasi hadi likang'aa, na alinukia poda ya mtoto. Binti, Ye-rin, alikuwa na miaka ishirini na mitano, na barakoa hakuivua mpaka alipoombwa mara mbili.

Alipoivua, Sun-yeong aliona mara moja. Kidevu kilikuwa kimerudi nyuma, kikaacha mdomo wa juu ukining'inia peke yake. Kisha akamtazama baba, akakiona kidevu kilekile juu ya kola ya shati.

"Ni changu," mzee alisema, maana alikuwa ameona macho yake yanakokwenda. "Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa na kidevu kama cha mwezi. Mtoto akaenda kuchukua hiki. Nimemrithisha mimi, acha nilipe mimi."

"Baba, basi," Ye-rin alisema.

"Basi nini? Nasema uongo?" Akamgeukia Sun-yeong. "Amesomea mambo ya hoteli, Meneja. Wa tatu darasani. Mara tatu amefika usaili wa mwisho. Mara tatu! Mara ya mwisho mtu mzima na tai yake akamwambia uso wake unaonekana umechoka. Hajachoka. Alikuwa amelala saa tisa nzima."

Sun-yeong alicheka kwa adabu, akafungua picha za mfupa kwenye kioo, akaeleza. Alipofika kwenye bei akasema won milioni saba na laki nane, kama anavyotaja mtu saa.

Mzee hakushtuka. Aliweka mikono yake mezani, mikono safi yenye kucha fupi, akaegemea mbele.

"Meneja, hebu nifundishe. Mimi ni kinyozi. Kichwa ni kichwa. Natoza won elfu kumi na tano, awe diwani awe muuza pweza. Leo tumepita kliniki tatu katika barabara hiihii. Wa kwanza kasema milioni tatu na laki mbili. Wa pili tano. Wa tatu tisa, na hata chai hakutupa. Wewe saba na nane. Kidevu kimoja kinakuwaje na bei nne?"

Watu wengi waliuliza swali hilo kwa hasira. Huyu aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na Sun-yeong akajikuta anajibu vizuri zaidi ya kawaida.

"Wa milioni tatu anakutilia kipande cha silikoni, baba. Anachana ndani ya mdomo, anapachika, anashona, nusu saa umemaliza. Kwa binti yako silikoni haitoshi, pengo ni kubwa, na baada ya miaka inaweza kusogea. Yeye anahitaji mfupa wenyewe ukatwe, usogezwe mbele, ufungwe kwa kibati na skrubu. Hiyo kazi ni nyingine."

"Sawa. Na wa tano?"

"Wa tano pengine anakata mfupa, lakini hana daktari wa usingizi wa kwake. Anamwita wa kukodi, anakimbia kliniki hii na ile. Sisi wetu anakaa. Halafu kuna picha za mfupa, wengine wanazihesabu mbali. Kuna kulala usiku mmoja, kuna dawa, kuna kuchonga pembeni ili kidevu kisionekane kama kimebandikwa. Mwingine anakutajia bei ya kukata tu, hayo mengine unakuja kukutana nayo siku ya kulipa."

"Na wa tisa?"

"Huyo unalipia marumaru za sakafu."

Mzee alicheka kwa sauti. Hata Ye-rin alitabasamu, akafunika mdomo kwa mkono haraka, kwa mazoea.

"Na msimu," Sun-yeong aliongeza. "Sasa hivi wasichana wametoka kwenye mtihani, kila mtu anataka. Ungekuja mwezi wa tano ningekuwa na nafasi ya kukupunguzia. Kikubwa zaidi ni jina la daktari. Jina ndilo ghali kuliko vyote."

"Huyu Guk ana jina?"

"Ana jina."

"Basi mimi nataka jina," mzee alisema. "Lakini nina milioni nne na nusu."

Wakaanza kuvutana. Alivutana kama mtu wa sokoni, kwa utani na kwa subira, akiinuka kama anayeondoka na kukaa tena, akimsifu Sun-yeong nywele zake na kumwambia aliyemkata ana mkono mzuri ila kisogoni amekosea. Sun-yeong alimpigia simu mkurugenzi, ghorofa ya juu, mara mbili. Mwishowe wakafikia milioni nne na laki nane, kwa masharti kwamba picha za Ye-rin za kabla na baada zitumike kwenye matangazo, macho yamefichwa.

"Na ni Daktari Guk mwenyewe?" mzee aliuliza akiwa ameshika kalamu.

"Daktari Guk mwenyewe atakuwepo chumbani."

Maneno hayo yalichaguliwa zamani na mwanasheria wa kliniki, na Sun-yeong aliyasema bila kupepesa. Mle ndani watu wanne tu walijua kanuni yenyewe. Aliyelipa chini ya milioni tano na nusu aliandikwa zamu ya pili. Daktari Guk angeingia, angemshika mkono mpaka usingizi umchukue, kisha angetoka kwenda chumba kingine, na kazi ingefanywa na Daktari Myeong, kijana aliyemaliza mafunzo majira ya kuchipua yaliyopita. Punguzo lilitoka hapo. Silikoni, usingizi, picha, msimu, yote aliyoyaeleza yalikuwa kweli. Hili la mkono wa nani hakuna mteja aliyewahi kuelezwa.

Mzee Tak alipeana naye mkono kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata bei nzuri.

*

Siku ya operesheni walifika saa mbili kasoro asubuhi, theluji ikiwa bado mabegani. Usiku walikuwa wamelala nyumba ya wageni ya bei rahisi nyuma ya kituo cha mabasi. Ye-rin alipewa karatasi za kusaini, baba yake akasoma kila moja kabla yake, miwani puani.

"Na hiki kisanduku?" aliuliza. "Kurekodiwa?"

Sheria ilikuwa imeshapita kwamba mgonjwa anayelazwa usingizi akiomba kamera iwashwe, lazima iwashwe. Sun-yeong alikuwa amefundishwa jibu la hilo pia.

"Ni kwa wanaotaka kamera, baba. Wasichana wengi hawapendi. Unajua, mtu amelala, hajijui, na picha inakaa mahali."

Ye-rin alitikisa kichwa upesi. "Sitaki."

Kisanduku kikabaki kitupu. Binti akaenda kubadilisha nguo. Sun-yeong akamletea mzee kahawa, na kwa kuwa mzee alikataa kunywa peke yake, akajimiminia na yeye kikombe. Mrija aliuacha ofisini.

Walizungumza juu ya theluji. Mzee alisema Gunsan inaanguka ya baharini, nzito, inavunja matawi. Kisha akamtazama mdomoni. Akatoa leso mfukoni, akamnyooshea.

"Kushoto," alisema polepole. "Imefika kidevuni."

Sun-yeong alijifuta haraka. Uso ulimwaka moto.

"Samahani, Meneja. Nimeshika videvu vya watu miaka thelathini na moja. Ninapompaka mtu povu najua kabla hajasema kama upande mmoja umelala." Alishusha sauti mpaka ikawa karibu mnong'ono. "Hapo husikii kitu. Sivyo?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Mama yake mzazi hakuwahi kuona. Mwanamume aliyeishi naye miaka miwili na kumbusu hakuwahi kuona.

"Ni hapa walikukata?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini. Katika dakika kumi Ye-rin angelala kitandani. Sun-yeong angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni dogo, na mzee alikuwa ameshika kikombe akingoja, kidevu chake kile kimeinuliwa kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni. Akawaza mwisho wa mwezi. Akawaza kodi ya chumba chake. Lakini hata hayo hayakuwa sababu yenyewe. Sababu ni kwamba kwa miaka saba alikuwa amejibu swali hilo kichwani mwake, na jibu lilikuwa limeshazoea njia.

"Ni daktari wa meno," alisema. "Alinidunga sindano vibaya, zamani."

Mzee alishusha pumzi. "Aa. Kumbe. Pole sana." Akapangusa paji la uso. "Moyo wangu ulikuwa umeshatoka nje."

Ye-rin akatokea mlangoni na gauni la hospitali, miguu mitupu kwenye ndara. "Baba, nisubiri hapahapa. Usiende kununua kitu."

"Niende wapi mimi? Nenda. Ukitoka nitakuwa sikujui."

Alicheka peke yake.

Daktari Guk aliingia chumbani saa mbili na nusu, akatoka saa mbili na dakika thelathini na sita. Sun-yeong alimwona akipita korido, akivua glavu ambazo hazikuwa zimeguswa na kitu. Kazi ya saa moja na robo ilichukua saa mbili na nusu. Muuguzi Ha, aliyekuwa mle chumbani, alitoka kunawa.

"Msumeno ulishuka chini mno," alimwambia Sun-yeong bila kumtazama. "Damu ilikataa kukatika."

"Myeong anasemaje?"

"Anasema tusiseme."

*

Kidevu kilitoka kizuri. Uvimbe uliposhuka, mwezi wa pili, Ye-rin alikuwa msichana mwingine. Picha zake ziliwekwa kwenye matangazo, macho yamefichwa kwa mstari mweusi, na wateja wawili walizinyooshea kidole wakasema, "Kama huyu."

Mzee Tak alipiga simu kila Jumanne, siku aliyofunga duka. Mwanzoni aliuliza kwa uchangamfu. Mtoto hasikii mdomo, ni kawaida? Kawaida, baba, subirini. Kisha sauti ikapungua. Mtoto hasikii kama uji ni wa moto, ameungua. Mtoto anatokwa mate akizungumza. Ni mdomo mzima, Meneja, kushoto na kulia. Miezi sita, baba. Mpe miezi sita.

Mwezi wa tatu alikuja peke yake, bila miadi.

"Juzi tulikuwa tunakula," alisema akiwa bado amesimama. "Nimempikia supu ya kaa, anaipenda. Anakula, ananisimulia habari fulani, mimi naona damu inashuka kwenye blauzi. Amejitafuna mdomo, Meneja. Nyama imetoka. Na yeye anaendelea kusimulia." Akakaa. "Siku hizi anakula chooni. Anafunga mlango."

Sun-yeong alipanda juu. Mkurugenzi, mke wa Daktari Guk, alikuwa ameshaandaa karatasi. Kliniki ilikuwa na nyingi za namna hiyo, majina tu ndiyo yalijazwa. Milioni tatu zingerudishwa kama ishara ya ubinadamu, na familia isingesema lolote, popote, kwa mtu yeyote.

"Wewe anakuamini," mkurugenzi alisema. "Msainishe leo."

Alishuka ngazi za ndani badala ya lifti. Katikati ya ghorofa ya kumi na mbili na ya kumi na moja alisimama, akashika kidevu chake mwenyewe. Kisha akaenda kwenye kompyuta ya mapokezi, akachapisha ukurasa wa kumbukumbu ya chumba cha operesheni, wenye saa za kuingia na kutoka za kila mtu, na akarudi kwa mzee na karatasi mbili.

Akamwambia yote. Zamu ya pili. Milioni tano na nusu. Dakika sita. Jina la Myeong, na kisanduku cha kamera na kwa nini alikiongelea vile. Alisema bila kulia, kwa sauti ileile aliyotumia kutaja bei.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alisoma zile saa akizifuata kwa kidole.

"Kumbe mimi ndiye niliyempeleka kwa huyo kijana," alisema. "Ningelipa zote saba na nane, angekatwa na Guk."

"Hukujua, baba."

"Nilipata punguzo. Siku ile nilimnunulia mtoto viatu kwa hela iliyobaki." Akakunja karatasi mara nne. "Na mdomo wako?"

"Hapahapa. Ni Guk mwenyewe."

Mzee alivaa kofia, akaenda zake bila kufunga mlango.

*

Sun-yeong alifukuzwa siku ya nne, mkurugenzi alipoona nani amechapisha nini. Alipewa mfuko wa plastiki wa kuwekea vitu vyake. Wenzake walimuaga kwa macho tu. Muuguzi Ha alijificha chooni asiagane naye.

Alikaa nyumbani akingoja. Alidhani kutakuwa na polisi, au mwanasheria, au mwandishi wa habari kwenye simu. Alikuwa ameshapanga atakavyosema, yote, na jina lake litajwe kama wanataka. Usingizi wake ulikuwa mzuri, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka. Aliamini amefanya kitu.

Aliyepiga simu ni Ye-rin.

Walikutana kwenye duka la kahawa karibu na kituo cha Jonggak. Ye-rin alikuwa na suti ya bluu na nywele zilizofungwa kisogoni. Hakuagiza kitu. Kila alipomaliza sentensi alipitisha kitambaa mdomoni, kidogo, kwa madaha, na Sun-yeong akaona kwamba msichana ameshajifunza.

"Nimepata kazi," Ye-rin alisema. "Mapokezi. Hoteli ya nyota tano. Naanza tarehe moja."

"Hongera, dada..."

"Usiniite dada." Akapangusa mdomo. "Umempa baba karatasi. Tangu siku hiyo halali. Anataka kwenda mahakamani. Amefunga duka siku tatu anazunguka kwa mawakili. Unajua mahakamani nitakaa wapi? Nitaitwa yule msichana wa kidevu. Picha zangu zitatoka bila ule mstari mweusi. Hoteli itaniweka siku mbili?"

"Una haki ya..."

"Nimesaini."

Sun-yeong alisukuma kikombe chake pembeni.

"Ijumaa. Nilikwenda mwenyewe, baba hajui. Mimi ni mtu mzima, saini ni yangu. Milioni tatu nimechukua. Sasa hana kesi."

"Ye-rin, walichokufanyia si haki. Nilidhani nikisema ukweli..."

"Ulidhani nini?" Sauti haikupanda. Ilikuwa sauti ya mapokezi, laini, imenyooshwa. "Kama ulikuwa mtu wa kusema, ungesema asubuhi ile, mimi nikiwa bado na ndara miguuni. Kama si mtu wa kusema, ungenyamaza moja kwa moja, baba angeamini ni bahati mbaya, angelia, angepona. Wewe umechagua siku iliyokufaa wewe. Umetua mzigo wako, umempa yeye abebe. Sasa kila akinitazama anahesabu alichopunguziwa."

Akainuka. Kidevu chake, dirishani, kilikuwa kizuri sana.

"Aliniambia kuhusu mdomo wako," alisema. "Aliniambia alikuuliza, ukasema ni daktari wa meno. Nilicheka, Meneja. Sikujua kama bado naweza."

*

Mwezi wa nne Sun-yeong alipanda basi la Gunsan. Hakujua anakwenda kuomba nini. Njia nzima alipanga maneno, na kila alipoyapanga yalikuwa yanamhusu yeye.

Duka la mzee lilikuwa kwenye barabara ya nyuma ya soko la samaki, viti viwili, kimoja kimefunikwa shuka. Mzee alikuwa akimnyoa mteja mnene aliyelala chali na taulo la moto usoni. Alimwona Sun-yeong kwenye kioo, wembe ukasimama hewani, kisha ukaendelea.

"Kaa," alisema.

Alikaa kwenye benchi. Mzee alinyoa polepole, akivuta ngozi kwa kidole gumba, akafuta, akapaka poda, akapokea noti na kurudisha chenji. Mteja alipotoka, alianza kufagia nywele.

"Ameanza kazi," alisema akifagia. "Wanampenda. Wamempa beji yenye jina lake kwa maandishi ya kigeni."

"Anakuja nyumbani?"

"Labda mwaka mpya wa jadi... aa, ule ulishapita. Hapana. Haji. Ananitumia pesa. Namrudishia, ananitumia tena." Ufagio uligonga mguu wa kiti. "Nilimuuliza kama nilikosea kushusha bei. Hakunijibu. Mtoto mwenye adabu yule, hakutaka kunidanganya."

"Baba, nimekuja kuomba radhi."

"Najua ulichojia."

Akaweka ufagio ukutani, akanawa mikono kwenye beseni, akaifuta kidole kimoja kimoja.

"Sikiliza, Meneja. Hao wengine wote siwajui. Guk nilimwona dakika saba. Huyo kijana simjui hata sura. Nikitaka kuwachukia nashindwa, hakuna pa kushika. Wewe nakujua. Tulicheka pamoja. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, na ulikuwa umeshika leso yangu." Alizungumza bila hasira, kama anayemweleza mteja kwa nini mtindo anaoutaka hautamfaa. "Ungesema ndiyo, ningemshika mtoto mkono tukashuka chini tukala tambi. Angebaki na kidevu changu na angesikia chumvi. Basi. Hivyo tu."

"Najua."

"Hujui. Una miaka saba husikii."

Sun-yeong aliinamisha kichwa. Alitaka alie, ili apate la kufanya, lakini machozi hayakuja.

"Radhi yako siitaki," mzee alisema. "Si kwamba ni kidogo. Ni kwamba nikiipokea wewe utarudi Seoul umepumzika, na mimi nitabaki hapa na duka. Nenda nayo."

Mlango ukafunguka. Mteja mwingine aliingia akitikisa mwavuli, akalalamikia mvua na bei ya ngisi. Mzee akamkaribisha kwa sauti kubwa ya kila siku, akapiga shuka hewani, akamfunga shingoni. Hakugeuka tena.

Nje mvua ilikuwa nyembamba, ya kuteleza. Sun-yeong alitembea mpaka kituo cha mabasi, akakata tikiti ya saa tisa, akakaa chini ya paa la bati. Simu ilitikisika. Ilikuwa kliniki moja ya mtaa wa Apgujeong, ya tatu kumtafuta juma lile. Habari za kufukuzwa kwake hawakuzijali, walitaka mtu anayejua kufunga bei. Waliandika kwamba mshahara ni ule alioutaja kwenye simu, kamisheni asilimia tatu, na kama yuko tayari aanze Jumatatu saa tatu asubuhi.

Alisoma ujumbe mara mbili. Basi la Seoul likaingia, milango ikafunguka, watu wakaanza kupanga mstari na mizigo yao ya dagaa. Aliandika, "Nitafika," akautuma, akasimama nyuma yao.